Urefu: 11

Mgongo wangu ulikuwa umeanza kulalamika kwa kusomea kitandani, nikaamua kutafuta kiti. Sikutaka makubwa: cha mbao, chenye mikono, kiwe na ngozi pale pa kukalia na pale pa kuegemea, basi. Nilichokiona kwenye mtandao wa mnada kilinifanya nisogeze uso mpaka pua ikagusa kioo cha simu. Mbao nyekundu iliyokoza, ngozi ya kahawia, misumari ya shaba imepangwa pembeni kama shanga. Kimepigwa picha kikiwa peke yake mbele ya ukuta mweupe. Hakuna zulia, hakuna meza, hakuna hata paka anayepita. Siku hizi nikiona bidhaa imepigwa picha namna ile, mwili unanisisimka. Siku ile nilisema tu: huyu muuzaji anajua kupiga picha.

Maelezo yalikuwa marefu. Kimetengenezwa kwa mkono. Kila msumari umegongwa kwa wakati wake. Fundi amekesha nacho. Ikafuata aya nzima ya usafirishaji, aya nyingine ya malipo, shukrani kwa wateja wote, baraka kwa familia zao, na chini kabisa, mahali ambapo binadamu wa kawaida ameshaacha kusoma, mstari mmoja: Urefu: 11.

Kumi na moja nini, hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu sikufika huko.

Kwa ambaye hajawahi kununua kwa njia hii, mambo huenda hivi: unauambia mfumo kikomo chako, yaani kiasi cha juu kabisa ulicho tayari kutoa, nao unakuwekea dau kidogo kidogo kila mtu anapokupita. Kikomo hicho ni siri yako na mfumo. Asipotokea mshindani, unalipa kidogo. Akitokea, mnapanda ngazi pamoja mpaka mmoja wenu aishiwe pumzi.

Wangu alitokea saa ya mwisho. Alipanda hatua ndogo, tena ndogo, tena ndogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Ghafla akarusha dau kubwa, akanipita. Sijamaliza kusikitika, akalifuta, akaeleza kwamba kidole kiliteleza akakosea tarakimu. Kisha akaweka jipya, hatua moja tu chini ya kikomo changu, akatulia tuli. Nikashinda. Niwe mkweli, nilimwonea huruma. Nilijisemea, maskini, kidole chake kimemponza.

Baadaye sana, hasira zilipokwisha na akili kurudi, nilipekua kumbukumbu zake. Akaunti changa, nyota sifuri. Madau yake yote ameyaweka kwenye bidhaa za muuzaji yule yule, na hajawahi kushinda hata moja. Kidole hakikuteleza popote. Alinipita makusudi ili akione kikomo changu kiko wapi, akalifuta dau lake, akarudi kukaa chini yake kwa raha. Huyo hakuwa mshindani, alikuwa mpiga debe wa muuzaji, kazi yake kunipandishia bei.

Kifurushi kilikuja kikiwa na ukubwa wa sanduku la viatu.

"Kimekunjwa," nilimwambia mke wangu.

"Kiti cha mbao?"

"Siku hizi vinakuja vipande vipande, unaunganisha mwenyewe."

Akakinyanyua kwa vidole viwili. "Vipande vya nini? Vya njiti?"

Nikakata gundi ya karatasi, nikatoa pamba, nikatoa karatasi laini, nikatoa pamba tena. Kikaibuka kiti kile kile. Mbao nyekundu, ngozi ya kahawia, na misumari ya shaba midogo kama vichwa vya pini, kila mmoja mahali pake. Hakikupungua kitu isipokuwa ukubwa. Nikakisimamisha mezani kando ya kikombe changu, na mikono yake ikafika nusu ya kikombe. Nikaleta rula. Sentimita 11 kamili. Muuzaji hakuwa amenidanganya hata milimita moja.

Mke wangu alikizunguka meza nzima, akainama, akakitazama usawa wa macho. "Sasa," akauliza, "atakaa nani?"

Nilimwandikia muuzaji barua yenye aya sita na alama za mshangao zisizohesabika. Akajibu maneno mawili: "Soma maelezo." Nikapeleka malalamiko kwa wenye mtandao. Wakachunguza siku kadhaa, wakanijibu kwa adabu kwamba bidhaa inalingana na picha na maelezo yaliyotolewa. Na kweli, vililingana. Wahenga walimkanya mtu asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi mbuzi nilionyeshwa kutwa nzima, tena pande zote nne.

Nilijifariji kwa historia. Mwaka 193, askari wa kikosi cha kumlinda mfalme wa Roma walimuua bwana wao Pertinax, kisha wakakinadi kiti chenyewe cha enzi. Mmoja alitaja bei akiwa ndani ya kambi, mwingine, Didius Julianus, akipaza sauti nje ya ukuta, na askari wakichukua ya huyu wakampelekea yule. Hao nao wapiga debe, tena wenye mapanga. Julianus akashinda kwa ahadi ya sesterce 25,000, sarafu za Roma, kwa kila askari. Alikikalia siku 66, naye akauawa. Angalau mimi changu hakikukalika, nikabaki hai.

Mke wangu alikichukua akakiweka kwenye rafu yake karibu na kioo, akawa anatundika hereni kwenye mikono yake. Kila akipita alisema, "Kingekuwa kikubwa hiki, jamani." Akitundika hereni, "Kingekuwa kikubwa." Nikaona kitu hiki lazima kiondoke ndani ya nyumba kabla sijaichukia sentensi hiyo kabisa.

Matumaini yangu yalitoka kwenye kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1995, Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye ulikuja kuitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi chake cha leza, tena kibovu. Kikanunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar akamwandikia mnunuzi kuhakikisha kama ameelewa kwamba hakifanyi kazi. Mtu akajibu kwamba yeye hukusanya vielekezi vya leza vibovu. Nikasema, kama kibovu kilipata mwenyewe, kiduchu hakiwezi kukosa.

Nikafungua akaunti mpya kwa jina ambalo mama yangu mzazi asingelitambua, nikaandika kwa uaminifu: kiti kidogo cha mapambo, sentimita 11. Siku nne hakuna aliyebisha hodi. Ya tano akaja mhandisi wa meli.

Huyu alikuwa katikati ya bahari, akinunua kwa niaba ya binamu yake. Hakuuliza ukubwa, hakuuliza rangi, kiti alikiita "hiyo mashine". Alichotaka ni tuondoke kwenye mtandao tukazungumze pembeni, kisha anitumie hundi yenye kiasi kikubwa mara tatu ya bei, na ile ziada mimi niitume haraka kwa wakala wake wa usafirishaji. Mchezo huu ni mkongwe kuliko meli yake. Benki hukuonyesha pesa kwenye akaunti kabla hundi haijathibitika. Wewe unatuma ziada, pesa halali kutoka mfukoni mwako. Wiki kadhaa mbele hundi inarudi ikiwa feki, benki inachukua chake, wakala amepotea, na deni ni lako peke yako. Nikamjibu kwamba naikubali hundi, ila ziada nitamkabidhi mkononi meli ikitia nanga. Mawasiliano ya baharini yakakatika ghafla.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Mbona mimi nimepigwa, halafu naendelea kuuza kama malaika? Mke wangu alipotoka, nilikishusha kiti kwenye rafu, nikakisimamisha mbele ya ukuta mweupe, nikalala kifudifudi sakafuni, nikapiga picha nikiwa chini yake. Kikatoka kama kiti cha jaji. Nikafuta tangazo la zamani, nikaandika jipya: fundi, misumari, usafirishaji, malipo, shukrani, baraka. Kisha kule chini, Urefu: 11. Wala sikuona aibu. Nilimboreshea yule muuzaji baraka kidogo tu.

Kilichobaki ni mpiga debe. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kijana asiyewahi kukataa jambo lolote lenye siri ndani yake. Nilimwonya mara tatu: "Pandisha, lakini usishinde. Ukishinda tumekwisha."

Siku iliyofuata ukaja ujumbe wa mteja kupitia mtandao: "Samahani, kiti kinabeba mtu mzima?"

Nilikaa na simu robo saa nzima. Nikaandika: "Ndugu mteja, hakijawahi kuvunjika mtu akiwa amekikalia." Someni tena, hakuna uongo.

"Ni zawadi. Mwenyewe anasumbuliwa na mgongo."

Roho iliniuma kidogo kwa ajili ya huyo mgonjwa. Nikajibu, "Kwa mwenye mgongo kinafaa, hatakikalia muda mrefu." Mteja akashukuru sana.

Usiku wa kufunga mnada nilikuwa sebuleni, shemeji hewani kwa spika, sauti imepunguzwa. Mke wangu alijifungia chumbani mapema, akasema nisiingie, ana shughuli. Nikashukuru Mungu.

"Shem," akanong'ona shemeji, "kuna mtu ni king'ang'anizi! Nimempita, kanipita."

"Mpandishie kidogo."

Chumbani nikasikia, "Mshenzi huyu!" Nikajua tamthilia imekolea.

"Kanipita tena, shem!"

"Tena kidogo."

"Hee! Hana hata haya!" ikasikika chumbani. Nikawaza, ni tamthilia gani hii inayomchoma mtu hivyo?

Zikabaki sekunde ishirini. Bei ilikuwa imeshapita maradufu ile niliyolipa mimi. Shemeji alikuwa anahema kama mkimbiaji. "Nimpandishie ya mwisho, shem? Moja tu!"

"Acha! Weka simu chini! Usiguse kitu!"

Kimya. Simu ikatetemeka mkononi: Hongera, bidhaa yako imeuzwa. Sekunde hiyo hiyo chumbani vikapasuka vigelegele, mlango ukafunguka, mke wangu akatoka mbio na simu juu kama kombe.

"Baba watoto! Nimekupatia kile kikubwa!"

"Kikubwa kipi?"

"Kiti chako! Kile kile, mbao ile ile, ila cha ukubwa wake! Kuna mshenzi mmoja alikuwa ananipandishia, nimemkomesha."

Nilikuwa bado natafuta pa kubonyeza ili nikate simu, sauti ya shemeji ikajaa sebule nzima: "Shem! Tumempata mjinga! Mara mbili ya bei, shem! Atakalia kidole!"

Mke wangu aliitazama simu. Sauti ile aliijua tangu inajifunza kusema. Akanitazama mimi. Kisha akageuka taratibu kuelekea chumbani, kwenye rafu, kilipokaa kiti na hereni zake. Kwenye skrini yangu mfumo ulikuwa umeshaniletea anwani ya mteja ili nimpelekee mzigo, na ni anwani ambayo ningeweza kuifikia bila kuvaa viatu.

Niliomba tufute mauzo. Akakataa. Alikuwa ameshalipa, pesa ya nyumba hiyo hiyo, ikazunguka ikarudi kwangu ikiwa imemegwa kamisheni ya wenye mtandao, ambao ndio pekee walioingiza faida usiku ule. "Nimenunua kihalali," akasema. "Nataka mzigo wangu. Ufungwe kama walivyoandika, uletwe mlangoni."

Nikaenda chumbani, nikatoa hereni, nikakifunga kiti kwa pamba ile ile na sanduku lile lile. Nikatoka nje, nikabisha hodi. Akanisimamisha kizingitini akafungua kifurushi mbele yangu, akatoa rula. Akapima.

"Kina urefu gani?" nikamuuliza kwa unyenyekevu.

"Soma maelezo," akasema, akafunga mlango.

Ukafika wakati wa kupeana alama. eBay tangu 2008 walimzuia muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa sababu wauzaji walikuwa wakiitumia kulipiza kisasi, na mtandao wetu nao unafuata utaratibu wa namna hiyo. Kwa hiyo mimi nilikuta kitufe kimoja tu, cha kijani: Mnunuzi bora. Nikakibonyeza. Yeye vyake vilikuwa vyote mbele yake, na alichukua muda wake. Maoni yake yapo kwenye akaunti yangu hadi leo, nyota moja, na hayafutiki:

"Muuzaji tapeli. Mpiga debe wake namjua mpaka mama yake. Ila mzigo umefika haraka."