Tundu la Mdudu, Mikarafuu 270

"Mikarafuu mia tatu, shangazi. Mia tatu!"

Nilikuwa nimetoka nje ya jumba la nyaraka, Unguja, simu sikioni, na kule Wete shangazi alishapiga vigelegele kabla sijamaliza neno. Nikasikia mlango, nikasikia hodi, nikasikia majirani wakiuliza kuna nini. Kufika adhuhuri kuku wawili walikuwa chini, wamechinjwa kwa heshima ya wasia wa babu mzaa babu yetu, na mimi ndiye mpelelezi niliyeufukua.

Kuufikia tu kulinigharimu siku mbili na nusu. Shangazi alinipa mwaka kutoka nyuma ya msahafu wa nyumbani, pale wazee walipozoea kuandika nani kazaliwa na nani kafariki: "mwaka wa 29". Nami, msomi, nikaagiza mafaili ya mirathi ya 1929. Nikakuta watu watatu wenye jina lake na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Wazee wale walihesabu kwa Hijria na karne wakaikata, kama sisi tunavyosema "tisini na nane". Kwa hiyo 29 ni 1329. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, unapata 1911. Hesabu hiyo inaweza kukukosesha mwaka mmoja, basi tazama na wa kabla na wa baada.

Mwaka 1911 nako hakuna kitu. Faili hupangwa kwa mwaka mirathi ilipofunguliwa, si mwaka mtu alipokufa, na mirathi nyingi zilifunguliwa pale tu ndugu walipogombana au mmoja alipotaka kuuza shamba. Unaanzia mwaka wa kifo, unasogea mbele mmoja mmoja. Sisi tuligombana 1913.

Jina nalo lisikudanganye. Karani wa zama za Waingereza aliandika alivyosikia: Khamis leo, Hamisi kesho, Seif akawa Saif na Kombo akawa Combo. Pekua herufi zote. Halafu jina la mtu na la baba yake halitoshi, maana Pemba majina ni yale yale yanazunguka. Dai na la babu yake, mahali pa shamba, na majina ya wake. Wake ndio wanaomaliza ubishi. Wetu alikuwa na wawili, wote wametajwa, na mmoja ndiye somo wa shangazi.

Sasa huo wasia. Umeandikwa kwa Kiarabu, wino umegeuka rangi ya chai, na hesabu ni kwa tarakimu ambazo sifuri yake ni nukta, wakati tano ndiyo yenye umbo la sifuri yetu. Nilishajifunza mtego huo, nikajiona hodari. Penye mikarafuu nikaona tatu, nukta, nukta. Nikapiga picha, nikatoka nje mbio, mengine mmeyasikia.

Niliporudi mezani, mzee aliyekuwa kiti cha jirani, aliyekuwa akichapa kazi na penseli yake tangu asubuhi bila kuinua kichwa (kalamu ya wino humo ndani hairuhusiwi), akaniambia taratibu, "Mwanangu, hebu tia karatasi nyeupe chini ya ukurasa huo."

Nikatia. Nukta ya kwanza ikabaki nyeusi. Ya pili ikawa nyeupe.

Tundu. Mdudu mla karatasi alitoboa pale pale, usawa wa nukta, na jalada jeusi la chini likawa linachungulia kama wino. Kwenye picha ya simu huwezi kulitambua kamwe. Na fedheha zaidi, kabla ya tarakimu idadi ilikuwa imeandikwa kwa maneno, wazi kabisa: thalathini. Waandishi wa wasia walitaja hesabu mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Soma maneno kwanza, tarakimu baadaye. Mdudu mmoja, asiye hata ndugu wa mbali, alitupa mikarafuu 270.

Hata hiyo 30 ilikuwa ni sifa tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na mashamba yakagawiwa watu eka tatu tatu. Lakini nenda wewe ukamwambie shangazi habari za 1964 na pilau iko jikoni.

Balaa jingine nilikuwa nimelitengeneza kwa mkono wangu. Asubuhi ile, kwa furaha, nilishalipia nakala tano zilizothibitishwa, zenye muhuri na saini, moja kwa kila tumbo la ukoo. Nikageuza karatasi kuhakikisha kurasa zote zimehesabiwa, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, kwani wasia mara nyingi huendelea upande wa nyuma. Ukaendelea kweli. Nyuma kulikuwa na madeni.

Nikapiga simu. Shangazi akaweka sauti kubwa ili ukumbi mzima usikie. Alikuwa katikati ya kumsomesha ami yetu mmoja mwenye haraka ya kugawana: kwanza gharama za mazishi, pili deni, tatu wasia usiozidi thuluthi, na warithi ndio wa mwisho. Nikampa habari ya tundu. Kimya. Nikaona nimalize yote kwa pamoja, nikasoma: marehemu anadaiwa rupia 11 na nusu, baki ya bei ya punda, na jina la mdai, na baba yake, na babu yake.

Kimya kikazidi. Kisha nikasikia mzee wa nyumba ya pili, aliyekuja kula kuku, akikohoa. "Huyo uliyemtaja," akasema, "ndiye babu yangu mimi."

Ami akakimbilia hesabu. Rupia zilipoondolewa 1936, moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Basi deni zima ni shilingi 17 na senti 25, nauli ya kwenda Chake haifiki. Akatia mkono mfukoni.

"Weka," akasema mzee. "Babu yangu hakutoa shilingi. Alitoa punda."

Ukumbi mzima ukamgeukia shangazi, aliyetoka kufundisha dakika mbili nyuma kwamba deni hutangulia warithi. Akameza mate, akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo halina heri.

"Mzee anaomba na yeye nakala. Yenye muhuri."

Nikarudi dirishani kujaza fomu ya nakala ya sita. Penye "sababu ya kuomba" nikaandika: punda.