Kompyuta inanoa jicho la fundi wa ndege, mkono je?

Rubani mwanafunzi anaweza kuzimikiwa injini mara kadhaa kwa siku ndani ya simuleta, yaani mashine inayoiga urukaji, na asiumie mtu. Kwa miaka mingi, fundi anayemtengenezea ndege hakuwa na nafasi kama hiyo. Alimfuata fundi mkongwe karakanani na kujifunza zile kasoro zilizotokea kwenye zamu yake tu.

Kwa hiyo naunga mkono kuwafunza mafundi wa ndege kwa kompyuta, hasa wakaguzi. Mwaka 1988, paa la Boeing 737 ya Aloha Airlines lilibanduka ikiwa futi 24,000 juu ya Hawaii, na mhudumu mmoja akafariki. Matengenezo ya shirika yalikuwa yameshindwa kugundua nyufa za uchovu wa metali, yaani zinazotokana na mkazo wa mara kwa mara, kwenye maungio yenye ribiti (pini za kuunganishia mabati). Fundi anaweza kukaa kazini muda mrefu asikutane na ufa wa namna ile, lakini kompyuta inaweza kumwekea nyufa kila siku.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walitengeneza mfano wa chumba cha mizigo cha ndege, ambao mwanafunzi huukagua akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe, huku kifaa kikifuatilia macho yake. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Mkufunzi anajua kama mwanafunzi hakuitazama kabisa kona yenye kutu, au aliitazama asiitambue. Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. Karakanani yote mawili huonekana kama uzembe.

Lakini jicho si kazi yote. Mwaka 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kiling'oka angani, na nahodha akavutwa nje hadi kiunoni. Alinusurika. Kati ya bolti 90 za kioo hicho, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita 1. Zilichaguliwa usiku kwa kulinganisha kwa macho, penye mwanga hafifu. Mkono uliozoea ungeweza kuhisi bolti isiyoshika sawasawa. Kipanya cha kompyuta hakifundishi hisia hiyo.

Tena, mwanafunzi aliyekaa mbele ya skrini anajua kuna kasoro imefichwa, kwa hiyo anaitafuta kwa bidii. Ndege halisi haimwahidi hivyo, na mara nyingi haina ubovu wowote. Uangalifu unaodumu baada ya saa nyingi za kutoona kitu ni somo gumu, na programu nyingi za kufundishia hazina subira nalo.

Ni kweli ndege iliyosimama kwa ajili ya mafunzo ni gharama, na vyuo vichache vinamudu kuwa nayo. Hata hivyo nahofia kishawishi cha kupunguza saa za karakanani kwa sababu skrini ipo. Saa hizo zibaki zilivyo, na kwenye kompyuta yaongezwe mazoezi yasiyo na kasoro hata moja, pamoja na rafu ya bolti zinazofanana, usiku, taa ikiwa hafifu.