Mkono Ulioahidi Laki Tano

Daktari alinipandisha kwenye mizani, mshale ukakimbia hadi kilo 104. Kwa urefu wangu wa mita 1.70, akasema, BMI yako, yaani uzito ukipimwa dhidi ya urefu, ni 36, na kuanzia 30 tayari ni unene uliopitiliza. Nipunguze wali wa usiku, nitembee, halafu mara mbili kwa wiki ninyanyue vyuma, au hata madumu ya maji. Misuli ikifanya kazi inakula sukari. Mimi hapo nilishika neno moja tu, misuli.

Maana Kariakoo nilishauona mkanda wa umeme. Unaufunga tumboni, vibandiko viwili vya jeli unavipachika mikononi, unawasha, misuli inakaza na kulegea yenyewe, wewe umekaa na soda yako. Bei elfu 45, tukamalizana kwa 38.

Mke wangu anafundisha baiolojia, kwa hiyo nyumbani hakuna siri. "Baba, mwanasayansi Galvani aligusisha umeme mguu wa chura aliyekufa, ukaruka. Karne ya 18 hiyo! Chura alipungua?" Akaongeza kwamba hospitali wanautumia kuamsha misuli ya mtu aliyeumia, ila kitambi hakiogopi umeme. Nikanyamaza. Na mkanda nikavaa.

Jumamosi tukawa na kikao cha harusi ya shemeji. Nikaona saa tatu za kukaa bure zisiende hivihivi. Mkanda ndani ya shati la kitenge, vibandiko kwenye mikono, daraja la tatu kati ya kumi na tano. Kila baada ya sekunde chache tumbo linajikunja, mkono unashtuka kidogo. Raha mustarehe.

Nisichokijua ni kwamba kitufe cha kuongeza kiko mbele, katikati ya tumbo. Kila nikiinamia sahani ya sambusa, ukingo wa meza unakibonyeza. Na sambusa zile, wallahi, zilikuwa za nyama tupu.

Mwenyekiti akasimama: "Tuanze na ukumbi. Nani anafungua na laki mbili?"

Mkono wangu wa kulia ukapanda.

Makofi. "Shemeji huyo! Laki tatu je?" Nikaudaka mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ikapanda yote miwili. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikataka kusema jamani subirini, tumbo likanikunja mpaka paji la uso likagusa meza. "Mwoneni anavyoona haya! Mtu mnyenyekevu sana huyu! Laki tano?"

Nilipojikokota hadi chooni na kukipata kitufe cha kuzima, tayari nilikuwa na laki tano za ukumbi na kreti kumi za soda. Mweka hazina aliandika kwa kalamu ya wino, akapigia mstari.

Njiani mke wangu hakusema neno. Alipofika nyumbani alijaza maji madumu mawili ya lita tano, akayaweka miguuni pangu. Nikayanyanyua mara nane. Kesho yake kuchana nywele tu ilikuwa shughuli.

Jumatatu nikaurudisha mkanda Kariakoo. Muuzaji akaufunga mkononi mwake, akawasha, mkono ukapanda.

"Bosi, mbona unafanya kazi? Tatizo liko wapi?"