Wasomaji Wangu wa Ashburn

Marekani, jimbo la Virginia, kuna mji unaitwa Ashburn. Sijaukanyaga wala sina jamaa huko, lakini kwa siku kumi niliupenda kuliko Mombasa niliyozaliwa.

Yote yaliletwa na njaa ya kusomwa. Nilikuwa nimefungua blogu ya mapishi ya Pwani. Mapishi yenyewe si yangu, ni ya Shangazi, anayepika mkate wa sinia kwa oda pale Kibokoni. Mchana nauza kava na chaja za simu Digo Road, jioni napita kwake, nakalia mbuzi ya kukunia nazi kama mtu aliyekuja kusalimia, kumbe macho yako kwenye bakuli. Sasa Shangazi hapimi kitu. Ukimuuliza hamira kiasi gani, atakwambia "kiasi." Iliki? "Kiasi chake." Tui? "Mpaka liitikie." Huwezi kumwandikia mtu wa intaneti "mpaka liitikie", kwa hiyo vipimo nilivitunga mwenyewe. Hilo la vipimo liwekeni pembeni, lina zamu yake.

Mwezi wa kwanza nilikuwa napata wasomaji 40 kwa siku, nikaanza kutembea kifua mbele. Halafu nikagundua kihesabu kilikuwa kinanihesabu mimi. Naishi Likoni. Feri mtu wa miguu anavuka bure, na pesa ya nauli niliyookoa nilikuwa naimalizia kwenye bando. Niko kwenye umati nangoja geti lifunguliwe, nafungua blogu kuona kama kuna mtu, nahesabiwa. Feri ikifika katikati ya maji natazama tena, nahesabiwa. Nikishuka ng'ambo, tena. Siku niliyojizuia, wasomaji walikuwa 2, na mmoja nilikuwa mimi, nilishindwa ilipofika magharibi.

Nikaona watu hawaji wenyewe, wafuatwe. Nilikuwa nimesikia kwamba Google hutazama maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Ili nisimpe shida ya kutafuta, nikaandika neno mahamri mara 38 katika aya mbili. "Mahamri haya ya mahamri laini ni mahamri ya Mombasa." Nilikuja kujua baadaye kwamba mchezo huo Google wameukataza kwenye kanuni zao, na ukurasa wa namna hiyo huweza kuzikwa chini badala ya kupandishwa. Nikageukia WhatsApp. Linki yangu niliitupa kila grupu nililokuwemo, la darasa, la wauza simu, la mtaa, mbio mbio bila kutazama juu yake kumeandikwa nini. Ndivyo nilivyoingia grupu la ukoo, chini kabisa ya tangazo la msiba, saa ya maziko na mchango wa sanda, nami nikaweka: "Hii isikupite!" Nilitolewa kabla ya adhuhuri. Mpaka leo habari za vifo vya kwetu nazipata kwa watu baki.

Ndipo asubuhi moja nikafungua takwimu nikakuta 412. Nikazima simu, nikaiwasha. 412. Nikatazama wanatoka wapi: si Mombasa, si Nairobi, si Dar. Ashburn, Virginia, watu 389. Kesho yake wakazidi. Palikuwa na safu inayoonyesha kila mmoja amekaa muda gani kwenye ukurasa, nayo ilisema sekunde 0. Hilo halikunisumbua. Wamarekani, nikasema, wana haraka.

Nikaanza kuwahudumia. Virginia iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao, basi nikawa sichapishi kitu mpaka saa 5 ya usiku, kwao iwe saa 10 alasiri, wakitoka makazini wanikute. Palipoandikwa "nazi ya Kongowea" nikaongeza "na ya mkebe yafaa", maneno ambayo Shangazi angeyasikia angenikana. Mwishoni nikaweka kabisa: "Ndugu zetu wa Ashburn, tutumieni picha." Hakuna aliyetuma. Watu wa kule wana staha.

Kosa langu lilikuwa kuyapeleka maskani. Baraza yetu iko Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 bila blogu wala grupu na mpaka leo wageni hawakosi. Muuza kahawa alikuwa amefika na dele lake, nami nikasema kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka makuu, kwamba ninasomwa sana Ashburn.

Ami akaweka kikombe chini. Ami alikuwa baharia miaka mingi, na hakuna bandari utakayoitaja asikwambie amepakua mzigo hapo.

"Ashburn ya wapi, mwanangu?"

"Virginia, Ami."

"Virginia naijua. Nimeteremka Norfolk. Bandari hiyo, manowari zimepangwa mpaka unachoka kuhesabu. Na Waswahili walikuwepo."

"Waswahili wa wapi?"

"Wabajuni. Watatu. Sasa watakuwa wamezaana."

Hesabu ikapatana hapo hapo: watatu wamezaana wamekuwa 389. Ni wajukuu, wanatafuta vyakula vya bibi zao. Nawaambia ilikuwa inaingia akilini. Muuza achari akataka kujua posta wanatoza ngapi kilo 2 za embe mpaka Virginia. Mwingine akauliza kama wameoa. Ami akainua mikono akawaombea dua watu wa Ashburn, Mungu awahifadhie dini yao na lugha yao, na sote tukaitikia amina, muuza kahawa naye, dele mkononi.

Mpwa wangu anasomea kompyuta. Nilimwonyesha takwimu kwa maringo, kijana akasoma jina la mji, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mjomba, hawa si watu."

Akanieleza. Watu Ashburn wapo, wana nyumba na watoto, lakini hao hawana habari na mimi. Ashburn iko kaunti ya Loudoun, kama kilomita 50 kutoka Washington, na ni miongoni mwa sehemu zenye vituo vingi vya data duniani: majengo kama magodauni ya bandarini, ndani kompyuta tupu zimepangwa safu kwa safu, zinapulizwa baridi usiku na mchana. Humo ndani watu huweka programu za kuzunguka intaneti zikifungua kurasa. Nyingine za kutafutia, nyingine za kunakili maandishi, nyingine za wezi wanaojaribu vitasa kuona mlango gani haukufungwa vizuri. Na kihesabu changu, kwa kuwa ni cha bure, kinamhesabu kila anayebisha hodi.

"Ndiyo maana ya sekunde 0, Mjomba. Mashine haikai ikapiga soga."

"Hakuna hata mtu mmoja?"

"Ngoja nichuje." Akaiondoa Ashburn. Akaondoa na Boardman ya Oregon, ambayo nayo nilikuwa nimeanza kuizoea. Mwisho akabaki mmoja. Yuko Mombasa. Ukurasa wa mkate wa sinia. Dakika 41.

Dakika 41! Hata barua ya posa haisomwi dakika 41. Nililala na furaha, na maskani sikuwaambia neno. Wacha waombe, dua haiozi.

Siku ya pili alasiri akaja mtoto dukani mbio: unaitwa kwa Shangazi, sasa hivi.

Nilimkuta Shangazi amesimama, mteja wake mmoja ameketi na ushungi umemwendea upande, na katikati yao sufuria. Mkate ulikuwa umepanda, ukapita ukingo, ukateremka ubavuni ukagandia hapo kama nta ya mshumaa. Juu umeungua mweusi, alama ya kifuniko cha makaa imejichora kabisa. Katikati pana shimo, na ndani ya shimo bado ni uji. Na harufu yake, astaghfirullahi, ilikuwa ya pombe ya mnazi.

Msomaji wangu ndiye huyu. Zile dakika 41 simu ilikuwa imeegemezwa kopo la sukari, mwenyewe anapima, anakoroga, anautazama unavyopanda, anarudi kusoma tena kama ni yeye aliyekosea.

"Vijiko 3 vya mezani vya hamira," Shangazi akasema polepole, "kwa nusu kilo ya mchele. Nani alikwambia?"

"Nilikisia, Shangazi."

"Na ukaandika ni wa Shangazi wa Kibokoni."

Nikanyamaza.

"Na hao wa Ashburn?" Kumbe habari zilishamfikia, na mbio za maneno ya maskani mnazijua. "Nao uliwapa vijiko 3?"

"Ndio, Shangazi."

"Wako wangapi?"

"Tangu mwanzo, elfu nne na kitu."

Shangazi akakaa. Akakalia ile ile mbuzi, mkono kichwani, na nilijua anachokiona: majiko 4,000 ya Virginia, sufuria 4,000 zinamwagika, wajukuu wa Wabajuni wamepiga magoti wanapangusa sakafu, na kila nyumba anatajwa yeye. "Lahaula," akasema. "Watoto wa watu, huko mbali, wanatamani mkate wa bibi yao, na mimi nawapa mnazi."

Niseme kweli, nilitamani kunyamaza. Mtu aliyeharibu majiko 4,000 si haba, ana wasomaji. Lakini Shangazi alishashika upindo wa leso anajipangusa macho.

"Shangazi, si watu. Ni mashine."

"Mashine?"

"Kompyuta. Zinafungua ukurasa halafu zinakwenda zao."

"Hazipiki?"

"Hazipiki."

"Wala hazili?"

"Wala."

"Zinasoma tu."

"Hata kusoma, Shangazi, hazisomi hivyo."

Akanitazama kitambo. "Sasa wewe, usiku wote huo, ulikuwa ukimwandikia nani?"

Mteja akaangua kicheko, mkono umeshika sufuria isianguke. Shangazi akamimina hamira kiganjani mwake, ile "kiasi" yake, mimi nikaichota kwa kijiko cha chai: kimoja na nusu. Nikasahihisha ukurasa pale pale, wanawake wawili wamenisimamia.

Jioni nilikwenda maskani nikijua habari imetangulia. Muuza kahawa alinimiminia bila kuniangalia usoni, mabega yanamtetemeka. Ami alikuwa akitafuna kashata.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilisema Waswahili wako Norfolk. Ashburn hata bahari haina, Mswahili akae afanye nini?"

Hakuna aliyembishia. Akanywa, akageuza kikombe, halafu uso ukabadilika kidogo.

"Lakini ile dua," akasema, "itakuwa imemwendea nani?"