Deni la Saudia

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, haamini bahati. Ukimwambia fulani kabahatika, anakuuliza: "Kabahatika au alijipanga?" Kwake bahati mtu anajitengenezea mwenyewe, na karakana yake ni kaunta buku lililojaa rekodi za timu ambazo hata makocha wake sidhani kama wanazikumbuka. Kila wikiendi anasuka mkeka wa kubeti, timu kadhaa kwa pamoja, kwa utaalamu, na kila wikiendi mkeka unachanwa na timu moja. Timu moja tu. Yeye hiyo haiiti kuliwa, anaiita kukaribia.

Mama anayetuuzia chapati hapa mtaani, Mbagala, ni wa imani nyingine. Bahati ni ya Mungu, inashuka inapotaka. Kombe la Dunia la 2022 lilipoanza kule Qatar, akaniita pembeni, akafungua pindo la khanga, akanipa noti ya elfu moja.

"Niwekee Saudia."

Siku hiyo, Jumanne tarehe 22 Novemba, Saudia ilikuwa inacheza na Argentina. Nikamuuliza kwa adabu zote kama anaifahamu Argentina.

"Mwanangu, Argentina imenipa nini mimi? Mdogo wangu yuko Riyadh, anafanya kazi za ndani. Bati zote hizi unazoziona ni Saudia. Weka."

Sikuwa na jibu. Kwa kuwa mimi kubeti sijui, ile elfu nikamkabidhi shemeji na maelekezo neno kwa neno. Alinitazama kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyekunywa mafuta ya taa.

"Shem, Argentina haijafungwa mechi 36. Mara ya mwisho ni Brazil, Julai 2019. Ni ya tatu duniani, Saudia ya 51. Huku ni kumdhulumu mama wa watu."

Akaenda, akarudi, akasema "tayari". Kwamba njiani huruma ilimshika akambadilishia mama mkeka, hilo hakulisema.

Mechi ilianza saa saba mchana, maana saa za Qatar ni hizi hizi zetu. Kibanda umiza, banda letu la kuangalizia mpira, kilikuwa kimejaa watu ambao wote, ukiwauliza waajiri wao, walikuwa benki. Dakika ya 10 Messi akafunga penalti. Shemeji akanigonga bega: "Umeona? Hiyo nayo bahati?"

Kabla ya mapumziko Argentina ikatia mpira wavuni mara tatu zaidi, na mara zote tatu ikaambiwa imeotea. Hapo nikaanza kuwatazama mabeki wa Saudia. Kocha wao, Hervé Renard, alikuwa amewapandisha juu mno, karibu na mstari wa kati, wanapanda pamoja na kushuka pamoja. Akizubaa mmoja tu, wamekwisha. Huko ni kujipanga, nakubali. Lakini bao moja la Lautaro Martínez lilikataliwa kwa kitu kidogo kiasi cha bega, na bega la Lautaro sidhani kama Renard alilipangia chochote.

Dakika ya 48, Al-Shehri. Dakika ya 53, Al-Dawsari. Mbili moja, mpaka mwisho. Kibanda kizima kilinyamaza isipokuwa mimi, niliyekuwa nashangilia kwa niaba ya mama. Nikamgeukia shemeji nimpe mkono. Alikuwa amejifunika daftari usoni.

"Shem," akasema kutoka ndani ya daftari, "kuna jambo."

Saudia, Mfalme Salman akatangaza kesho yake iwe siku ya mapumziko. Mbagala, mama akatangaza chapati ya nyongeza kwa kila mteja. Kwa odi za siku ile, yaani mara ngapi dau linazidishwa ukishinda, elfu yake ingekuwa imezaa elfu ishirini na ushei.

"Mwanangu! Lete!"

Nikamwambia mtandao unasumbua, maneno ambayo katika nchi hii hakuna aliyewahi kuyabishia.

Kwa shemeji hakukuwa na msaada. Mkeka wake ulikuwa Argentina, Denmark na Ufaransa, "za uhakika tupu". Denmark ikatoka suluhu na Tunisia. Ufaransa ikaifunga Australia 4-1 bila faida kwa mtu yeyote wa ukoo wetu. Nikamfanyia hesabu: hata kila timu ukiipa asilimia 80, zote tatu kushinda pamoja ni asilimia 51, yaani kurusha sarafu hewani. Akasema sarafu haina daftari.

Kesho yake mama akaniita tena. "Basi usinipe. Hiyo elfu ishirini yote weka Saudia tena, Jumamosi na Poland."

Kuiweka ilitaka elfu ishirini, na sikuwa nayo. Kutoiweka kulitaka dua tu. Kuanzia siku hiyo nikawa shabiki wa Poland.

Jumamosi, saa kumi, dakika ya 39, Zieliński akafunga. Nikaagiza soda. Kabla sijaifungua, mwamuzi akaipa Saudia penalti. Odi ilikuwa zaidi ya nne. Saudia ikishinda nadaiwa elfu themanini. Nikaanza kupiga bei ya vitu vya ndani kichwani: feni, redio, ile meza ya harusi ambayo mke wangu hataki hata iguswe.

Al-Dawsari akapiga. Szczęsny akapangua. Mpira ukamfikia Al-Breik, akapiga naye, Szczęsny akaupangua tena. Nilimkumbatia jirani yangu kwa nguvu zote, na jirani mwenyewe alikuwa upande wa Saudia.

"Kipa anawasoma wapigaji," shemeji akaanza, "hiyo siyo baha..." Nikamwomba, kwa heshima ya dada yake, anyamaze. Dakika ya 82 Lewandowski akamaliza kazi.

Nilikwenda kwa mama nikiwa mwepesi, nimeshaandaa na uso wa pole.

"Alhamdulillahi, ndivyo Mungu alivyopanga," akasema, hata hakusikitika. "Nipe tu ile karatasi, binti yangu aipige picha amtumie mama yake mdogo Riyadh, aone tulivyowaunga mkono."

Karatasi. Nikafungua mdomo niseme habari za mtandao, shemeji akaniwahi.

"Mama, kusema kweli, haikuwekwa."

Mama akageuza chapati. Akageuza na ya pili.

"Haikuwekwa?"

"Haikuwekwa, mama."

"Kwa hiyo haikuliwa."

Tukanyamaza.

"Basi elfu ishirini yangu ipo."

Shemeji akatoa kalamu sikioni, akafungua daftari, akaandika kitu, akakitazama kwa muda. "Shem," akasema, "kimahesabu mama yuko sahihi."

Feni iliuzwa Jumatatu kwa elfu ishirini na tano. Ile tano iliyobaki shemeji akaiomba. Saudia ilikuwa inacheza na Mexico Jumatano, na safari hii, alisema, ameshaifanyia utafiti.