Kelele za alfajiri kwenye uwanja wa gofu: nani ana hoja?

Anayeishi kando ya uwanja wa gofu ni nadra kulalamikia mashine ya saa nne asubuhi. Kinachomuudhi ni mashine hiyohiyo ikinguruma saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msimamizi wa uwanja naye akisema kazi haingoji, hadanganyi. Grini, ile sehemu yenye shimo, hukatwa karibu kila siku kwa kimo cha milimita 3 hivi, na lazima iwe tayari kabla wachezaji hawajafika. Kwa mashine ya kusukuma, grini moja hula karibu nusu saa. Mashimo ni 18.

Mabishano hupotea njia yanapogeuka kuwa ya desibeli tu, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kama desibeli 6. Hiyo ni karatasini. Alfajiri tulivu, hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti ambayo ingepotelea angani hupindwa ikarudi chini, na nyumba ya mbali ikasikia mngurumo ambao adhuhuri haupo. Kwa hiyo kipimo cha mchana hakijibu lalamiko la alfajiri.

Vyombo navyo havilingani. Mkosaji mkuu ni kipulizia majani cha mgongoni chenye injini ya mipigo miwili: sauti yake nzito hupenya kuta, na mwendeshaji hupandisha na kushusha kasi ya injini kila mara, sikio lisipate kuzoea. Anayefuata ni mlio wa rivasi wa matrekta, ambao umeundwa makusudi ili usipuuzwe. Kwa hivi viwili wakazi wana haki. Kupuliza majani kunaweza kungoja hadi saa mbili asubuhi, na upo mlio wa rivasi wa mchakacho usiosafiri mbali kama ule wa “pii-pii”.

Mashine za umeme husaidia, ila zisitarajiwe kuwa kimya. Injini ikinyamaza, visu vya silinda inayozunguka bado vinapita juu ya kisu cha chini kisichozunguka, na vikibanwa mno huvuma kwa ukali. Fundi mzuri hupitisha kipande cha karatasi katikati: kikikatwa safi huku silinda ikizunguka kwa wepesi, hapo pametosha. Ua wa miti, kwa maoni yangu, ni kujifariji. Huficha mashine, hauzuii sauti. Ukuta mzito usio na upenyo hufanya kazi, lakini dirisha la ghorofani likiuona uwanja, faida karibu yote imekwenda.

Kabla ya gharama hizo, ibadilishwe njia ya wakataji: grini za jirani na nyumba ziwe za mwisho. Mpango huu hugoma siku za mashindano, wachezaji wanapoanzia mashimo yote kwa pamoja. Siku hizo mkazi apewe tarehe mapema. Hugoma pia pale nyumba zinapopakana na mashimo ya mwanzo wa raundi. Hapo kilichobaki ni kuchelewesha kundi la kwanza la wachezaji, jambo ambalo wanachama hawapendi hata kulisikia.