Kikaragosi huanza kwenye vidole

Wanaoanza kutengeneza vikaragosi vya mkononi karibu wote huanza na sura. Wanapaka macho, wanabandika pua na nywele, na kikishapendeza ndipo wanatafuta pa kuingiza mkono. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Vidole ndivyo vinavyoamua kama kikaragosi kitashika ufagio, kitapiga makofi au kitaitikia kwa kichwa. Sura nzuri haiokoi mkono uliobanwa.

Tazama mitindo inavyotofautiana hapo hapo. Katika vikaragosi vya Taiwan na vya jimbo la Fujian, China, viitwavyo budaixi, kidole cha shahada kinabeba kichwa, gumba linakuwa mkono mmoja, na vidole vitatu vilivyobaki mkono wa pili. Kichwa ni kidogo, cha mbao, na mchezaji hodari hukifanya kipigane kwa upanga na kuruka sarakasi. Punch, kikaragosi maarufu cha Uingereza, naye huchezwa kwa shahada kichwani, gumba upande mmoja na kidole cha kati upande wa pili. Wakatalani wa Hispania wamekwenda njia nyingine kabisa: kichwa na mabega huchongwa pamoja, vidole vitatu vya katikati huingia humo, kisha gumba na kidole cha mwisho huwa mikono. Mabega hayo yanapendeza na mikono inalingana, lakini kichwa hakiwezi kuinama peke yake. Lazima mwili mzima uiname.

Kwa anayeanza, napendekeza shahada, gumba na kidole cha kati. Kasoro yake inajulikana: gumba ni fupi, hivyo bega moja hushuka. Dawa ni kuweka mrija wa kadibodi ndani ya mkono ule mfupi ili kiganja cha kikaragosi kisogee mbele.

Anza na shingo. Zungushia ukanda wa kadibodi wenye upana wa sentimita 6 kwenye kidole cha shahada, mizunguko miwili, gundi katikati. Uingie hadi kiungo cha pili bila kubana. Ukanda ukilegea kichwa kitayumba kama cha mlevi, na hapo watazamaji watacheka mahali usipotaka. Kwenye ukingo wa chini tengeneza tuta dogo la karatasi, maana bila tuta hilo uzi wa kufungia kitambaa huteleza na kichwa hubaki kidoleni huku nguo ikianguka.

Juu ya shingo finyanga gazeti mpaka upate kichwa cha sentimita 10 hivi, kisha kifunike kwa vipande vya gazeti na uji mzito wa ngano, tabaka nne au tano. Vipande vichanwe kwa mkono, visikatwe kwa mkasi. Kingo zilizochanika hulala vizuri zaidi. Kausha kila baada ya tabaka mbili, kivulini penye upepo. Ukikianika kwenye jua kali, nje hukauka upesi na ndani hubaki na maji, na baada ya siku chache unapata ukungu. Pwani tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu ya unyevu wa hewa. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye uji husaidia.

Nguo ndiyo inayowashinda wengi. Wanalaza mkono wazi juu ya karatasi, wanauchora, wanashona, halafu vidole havikunjiki. Mkono una unene! Uchore ukiwa katika mkao wa kuchezea, ongeza sentimita 2 pande zote, na 1 nyingine ya mshono. Urefu ufike karibu na kiwiko, la sivyo mkono wako utaonekana kikaragosi kikiinuka. Ukimaliza kushona, chanja pindo la kwapa kwa mikato midogo bila kugusa uzi. Usipofanya hivyo kitambaa hujikunja pale na kuzuia mikono kufunguka.

Rangi zije mwisho. Pua na nyusi zitokeze, kwa sababu kivuli chake huonekana mbali kuliko mstari wa brashi. Mboni zitazame chini kidogo, maana kikaragosi huinuliwa juu ya pazia na watoto wamekaa chini.

Na vile vya mdomo unaofunguka, vya sponji, alivyovipa umaarufu Jim Henson wa Marekani? Televisheni inavipenda kwa sababu kamera inasogea karibu. Darasani au uwanjani mdomo hauonekani vizuri, na mkono wako wote umeshatumika kuufungua, kwa hiyo mikono ya kikaragosi inaning'inia mpaka uiwekee fimbo. Ukiamua kukitengeneza, paka gundi ya viatu pande zote mbili za sponji na usubiri isinate kidoleni kabla ya kuunganisha. Ukiwahi, mshono utaachia. Na wakati wa kusema, shusha gumba. Wengi huinua vidole vinne, na kikaragosi kinaishia kuhutubia dari.